Natoka Mara Moja

Herufi tatu tu, na mbili ni pacha.
Lisome kutoka kushoto, lisome kutoka kulia,
ni lile lile: pop.
Midomo inafumba, inafumbua, inafumba,
kama samaki wa dhahabu kwenye bakuli la bibi Hetty
kule Burnley, nyumba ya nne kutoka kona.

Ndilo jina tulilomwita babu.
Cheti cha ubatizo kilimtambua kama Clifford Ormerod,
lakini sisi wajukuu hatukuwa na muda wa Clifford.
Pop, nifunge viatu. Pop, dirisha limekwama.
Na kazi yake nayo ilikuwa kuuza pop:
soda za chupa za kioo, nyekundu, kijani,
na ile nyeusi yenye ladha ya dawa ya kikohozi.
Kila Alhamisi lori lake lilipita mlango kwa mlango,
chupa zikigongana, barabara ya mawe imelowa chepechepe.
Rudisha chupa tupu, upewe peni kumi.

Nilikuwa na miaka tisa nilipofungua kamusi ya shule.
Ikasema: *kupasuka kwa mlio mdogo.*
Nikacheka peke yangu.
Babu yangu? Alipasuka lini?

Puto, sawa. Paa! kwenye sherehe ya Maisie,
na Maisie akalia mpaka keki ikaliwa bila yeye.
Bisi, sawa: moja, kimya, tatu, halafu vita ndani ya sufuria.
Masikio pia, basi likipanda nyika za juu
kwenda kwa shangazi Thelma,
yalifunguka ghafla, na mvua ikawa na sauti upya.

Lakini bibi alisema neno hilo hilo kwa birika:
liweke jikoni, na birika halikupasuka.
Alilisema kwa mama Entwistle: mpitie, umpe mayai yake.
Mayai hayakupasuka.
(Mara moja tu. Nililaumu mbwa.)
Muuguzi alilisema akiwa ameshika sindano ndefu kama msumari.
Polepole nikaelewa:
ni neno la watu wasiopenda kusumbua mtu.
Kila kizito wanakitia gesi kidogo
ili kielee.

Hata posa. Kule husema mwanamume amelipasua swali.
Clifford alilipasua foleni ya chipsi,
siki ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.
Hetty akaendelea kutafuna.
"Subiri nimeze," akasema.

Hata rehani. Suti ya harusi
ilikwenda kwa mweka rehani kila Jumatatu,
ikakombolewa Ijumaa, ikanuka nguo za watu wengine;
na kwa safari hiyo pia, neno lile lile,
ungedhani suti imekwenda matembezi.

Hata kifo. Aliyekufa, wanasema,
amevipasua viatu vyake vya mbao,
vile vya wafumaji wa viwanda vya pamba.
Wengine hubisha: hapana, ameviweka rehani,
hatavihitaji tena.
Babu alipenda ubishi huo. Alibadilisha upande kila mwaka.

Februari, barafu kwenye ngazi.
Akavaa koti, akapapasa mfukoni kutafuta sarafu.
"Natoka mara moja," akasema,
kwa neno lile, bila shaka, kwa neno lile.
Maziwa yalikuwa yamekwisha.
Akaanguka pu mbele ya duka la magazeti.

Mshipa mmoja kichwani, daktari alieleza,
mwembamba kuliko uzi.
Kumbe kamusi haikukosea.
Kupasuka. Kwa mlio mdogo.
Hata yeye sidhani aliusikia.

Mchungaji alipokuja, bibi alimwambia mlangoni,
"Ametoka mara moja,"
na mchungaji, mgeni kutoka kusini, akauliza atarudi saa ngapi.
Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka mpaka Maisie akakaa sakafuni.

Nyuma ya mlango wa jikoni zimo chupa kumi na moja, tupu.
Kiwanda kilifungwa zamani.
Nilitaka kuzitupa.
"Ziache," bibi akasema, akimlisha samaki.
"Kila moja ni peni kumi."