Fundi wa Jokofu

Sikuja kuhubiri. Nilikuja na bisibisi tatu,
mtungi mdogo wa gesi, na barua ya mchungaji wetu wa Arequipa
iliyosema mimi ni mtu mwaminifu.
Siku mbili juu ya mto Cenepa, mtumbwi wa injini ukikwepa magogo,
mvua ikinyesha bila haraka
kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Zahanati ya misheni ni chumba cha mbao juu ya vigingi,
msalaba wa bati, popo darini,
na jokofu la chanjo lililokufa tangu Jumatano ya Majivu.

Daktari Eulalia hakunipa hata pole ya safari.
Alinionyesha jokofu kwa kidevu,
akarudi kwa mtoto aliyekuwa akimshona paja.
"Dawa ya nyoka imo kwenye sanduku la barafu," alisema,
"na barafu ni ya mpaka kesho."

Nikapiga magoti.
Waliokuwa kwenye foleni walidhani nasali,
wakanyamaza wote, hata wachanga.
Nilikuwa natafuta panapovuja.

Hapakuvuja. Sisimizi walikuwa wamejenga mji
ndani ya bodi ya umeme: vichochoro, maghala, makaburi.
Niliwahamisha kwa mswaki wangu mwenyewe.
Jua likazama, na Yamanua, shavu limevimba kwa jino,
zamu yake ya kung'olewa imesogezwa hadi asubuhi,
akanishikia tochi.

Alisema neno kwa Kiawajun.
Kijana Tsamajain akatafsiri huku akipiga miayo:
"Anauliza, kwenu hakuna majokofu mabovu?"
Nikasema yapo.
Kimya. Vyura. Tochi ikahamia mkono wa pili.
"Anauliza, na mama yako, nani anamtazama?"

Nikakaza skrubu
ambayo nilikwisha kuikaza.

Karibu na alfajiri likakohoa, likatetemeka,
likaanza kunguruma kama paka aliyesamehe.
Daktari akaegemeza shavu kwenye mlango wake
akalala hivyo hivyo, wima, dakika nzima.
Yamanua akang'olewa jino. Alilitia kwenye kitambaa,
akaondoka bila kuniaga.

Wiki ya tatu waliletwa wawili walioumwa na nyoka.
Wa Jumanne alikuta dawa ni baridi, yuko hai,
ananidai kisu nilichoazima.
Wa Ijumaa pia aliikuta baridi,
ila mto ulikuwa umefurika, safari ilimla saa tisa.
Tulimzika chini ya mvua ileile ya kibarua.
Mwinjilisti alisoma zaburi. Midomo yangu iliifuata,
mimi nikabaki nyuma.

Jumapili, mchungaji alimleta mama
kwenye redio ya kanisa. Sauti yake ilikuja na mchanga ndani.
"Wenceslao, unakula?"
Nakula, mama. Badili.
"Limepona hilo jokofu lao?"
Limepona. Badili.
Akacheka, kile kicheko chake cha kuficha kikohozi.
"Mungu ashukuriwe. La kwetu limezima
tangu wiki ile uliyoondoka. Usijali, mwanangu.
Maziwa nayaweka kwenye beseni la maji,
nalifunika kwa shati lako."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe.
Alisubiri niseme kitu.
Nje, foleni ilikuwa imeshaanza.