Kitufe cha T

Kila tarehe mosi, kabla sijabandika chai,
navuta stuli mpaka chini ya boksi la umeme,
napanda, nabonyeza kitufe kidogo cha njano
chenye herufi T.
Tap.
Nyumba nzima inanyamaza.

Friji linakohoa, linatulia.
Feni inazunguka kwa mazoea, halafu inakumbuka.
Redio inakatika katikati ya matangazo ya vifo,
na Bibi, kutoka chumbani:
"We Somoe! Sasa nitajuaje
ni nani wa Naliendele aliyefariki?"

Bibi, giza hili ndilo nililolitafuta.
Lisingekuja, leo nisingekuruhusu kushika pasi.
Anasema mbwa asiyebweka ni mpole.
Nasema mbwa asiyebweka usiku
huenda mwizi ameshamlisha.

Fundi Mchopa alinifunza, Chikongola,
mwaka ule korosho zilipolipa
na kila nyumba ikanunua birika la umeme:
swichi ikianguka, usiirukie.
Mkono mfukoni kwanza. Nusa.
Chomoa birika, chomoa pasi, chomoa friji,
kisha ishushe mpaka chini kabisa, isikike ka,
maana iliyoanguka hukwama katikati,
kama mtu aliyezimia akiwa ameketi.
Ndipo uipandishe.
Ikisimama, rudisha kimoja kimoja,
umsubiri mwenye kosa ajitaje.
Na ikianguka tena, iache. Imeshakujibu.
Anayeuliza mara ya tatu
anataka kudanganywa.

Wiki iliyopita niliitwa Mikindani,
boti ya faiba, jina kwa rangi ya bluu: TUSIDAIANE.
Mwenyewe Bwana Namkuva, miwani kichwani, ananiambia
swichi ya pampu ilikuwa ikisumbua,
sasa haisumbui, nimwangalie taa tu.
Nikafungua kifuniko.
Chumvi imeota kijani juu ya shaba,
na kipande cha waya kimetoka mguu huu hadi mguu huu
kikiipita swichi pembeni,
kama mgeni anayekatiza uani kwako
bila hodi.
Ganda la waya limekuwa rangi ya kahawa.
Hatua mbili, dumu la petroli.

"Umeme wa betri huo," alisema, "hauui mtu."
Hauui, kweli. Unachoma tu.
Nyumbani moto ukikutoa
unatoka na kanga moja, unasimama barabarani,
majirani wanakuja na ndoo za mchanga.
Mbele ya Msanga Mkuu, usiku, maji kila upande,
barabara ni ipi?

Nikaukata waya.
Akawaka yeye.
"Na pampu ikizima, nizame?"
Hapo alisema kweli, na sikuwa na jibu la haraka.
Nikapiga magoti, nikaifungua pampu yenyewe:
uzi wa nailoni, wa wavu wake mwenyewe,
umejisokota kwenye panga, mzunguko juu ya mzunguko,
na magamba ya samaki yamekaa humo kama sarafu.
Miezi miwili swichi ilikuwa ikimwambia hilo.
Miezi miwili yeye akiinyamazisha.

Nikasafisha. Nikafunga swichi mpya, yenye kofia ya mpira.
Nikaishusha kwa makusudi, pampu ikakata.
Nikaipandisha, pampu ikanguruma,
maji yakatoka ubavuni, meusi, kisha meupe.
Tukakaa kimya nusu saa tukiitazama
isivyoanguka.

Alinilipa nusu.
Nilipomuuliza ile nyingine
akanionyesha jina la boti.

Leo tarehe mosi. Stuli ipo, mimi nipo juu,
kidole kiko karibu.
Chumbani redio imezimwa kabla sijagusa kitu.
"Bonyeza basi," anasema Bibi,
"uirudishe upesi.
Vifo wanasoma saa moja kasoro."