Robo Saa

Nilifika saa nne kasoro dakika kumi,
kama nilivyofika kiwandani miaka thelathini na moja,
mbele ya king'ora, kofia mkononi.
Ukumbi mtupu. Mfagiaji akaegemea ufagio wake:
"Hapa Oulu, mama, saa nne ya chuo
ni saa nne na robo. Wasomi wamejikatia yao."

Robo saa ya bure!
Kwenye mashine namba tatu, robo saa
ilikuwa kilometa ishirini za karatasi
zikijiviringisha kwenye gogo, nyeupe, za moto,
na ole wake aliyekwenda haja bila kuaga.
Nikazunguka. Nikaona ngazi, maktaba,
mashine ya kahawa inayokula sarafu na kunyamaza.

Kisha wakamiminika, watoto wa juzi,
baiskeli wamezitupa nje chini ya mibetula,
nywele za kijani, za zambarau, macho ya usingizi.
Mmoja akanijia, adabu imemjaa hadi masikioni:
"Samahani, profesa, choo kiko upande gani?"
Nikamwonyesha.
Wakaja wengine watano.
Asubuhi ile nilikuwa profesa wa vyoo
na sikumsahihisha mtu.

Wakatubandika majina vifuani.
IRMELI, kwa wino unaovuja.
Nikaipapasa ile karatasi kwa kidole gumba:
gramu themanini, imelainishwa upande mmoja.
Si yetu. Yetu haipo tena.

Mkuu wa kitivo alisema dakika arobaini.
Nimebaki na maneno mawili: mkikwama, ulizeni.
Nywila iwe na herufi kumi na mbili,
moja kubwa, na tarakimu, na kile kialama
ambacho hata jina lake silijui.
Nikaandika namba ya mashine yangu na jina la mbwa.
Ikakubali.

Mchana, supu ya samaki na mkate mweusi,
bei ya mwanafunzi. Nikamwonyesha mwenye kaunta kadi yangu,
akaitazama picha, akanitazama mimi,
akacheka kwa pua, akaniongezea siagi.

Touko, kiongozi wa kundi letu, mwaka wa tatu,
ovaroli ya njano iliyoshonewa viraka kama ramani,
akatutoa mjini, kituo hadi kituo.
Hapa imbeni. Hapa rukeni kwa mguu mmoja.
(Nilikataa. Goti lina maoni yake.)
Kituo cha nne, kando ya mto, akamwaga
rundo la magazeti ya zamani:
"Jengeni mnara. Dakika kumi. Bila gundi."

Wakaanza kufinyanga, kukunja ovyo, mnara ukilala
kama mlevi kila unaposimamishwa.
Nikasikia sauti yangu:
"Karatasi ina uzi, kama mbao.
Ichane huku, inakwenda sawa. Ichane kule, inaleta ubishi.
Viringisheni kwa kufuata uzi."
Wakanyamaza. Pihla, binti wa Kuusamo
ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo,
akachana, akachana tena, akasema, "Kumbe!"

Siku mashine ilipozimwa walitupa keki
na bahasha. Tangu siku ile
hakuna aliyekuwa ameiuliza mikono yangu swali.

Mnara ulipita kichwa cha Touko,
ukapita taa ya barabarani, naapa,
halafu upepo wa mto ukaja kuchukua haki yake
na magazeti yakaruka hadi darajani,
sisi nyuma yake tukiyakimbiza,
mimi na goti langu.

Tulikuwa wa mwisho. Wengine walipewa soksi za zawadi.

Kwenye kituo cha basi Pihla akasimama karibu,
si karibu sana, kwetu hapa umbali ni heshima.
Basi likaonekana. Ndipo akauliza, akiangalia viatu:
"Kesho, kule ukumbini, naweza kukaa pembeni yako?
Saa mbili?"
"Na robo," nikamwambia.

Kesho yake nilifika saa mbili kasoro kumi.
Mwili ni mwanafunzi mzito.
Yeye alikuwa ameshafika, amekaa ngazini,
anakunja karatasi kwa kufuata uzi.