Sindano Mbili

Rajabu, kofia ya bwana harusi wa Jadida,
nimefika safu ya tatu ya viua,
nikaona sindano mbili.
Nikaifuata ya kushoto: hewa.
Nikaifuata ya kulia: kidole.
Damu ikaingia kwenye bafta nyeupe,
nikaiosha kwa mate upesi, alivyonifunza mama,
nisije kudaiwa kofia ya watu.

Mwaka mzima kabla ya hapo moyo ulitwanga
kama mchi usio na mtwangaji.
Nikila, sinenepi. Nikilala, sisinzii.
Nikafukuza paka, nikafukuza wanangu,
nikamfokea hata mkwe.
Wete wakasema: huyo kapandwa.
Daktari Nasriya akaniweka vidole shingoni,
akasema meza mate,
akasema, hakupandwa mtu hapa, ni tezi.

Vidonge nikameza. Moyo ukashika adabu,
mwili ukarudi kwenye kanga.
Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Ndipo macho yakaanza kutoka nje
kama wageni wanaoaga na hawaendi.

Wifi yangu Mize hakunificha:
"Mbona watukodolea, tumekukosea nini?"
Sikukodoa.
Kope ndizo zilizokataa kushuka.
Usiku Raya hunibandika plasta nipate kulala,
alfajiri huibandua taratibu, ameuma mdomo,
utadhani kope ni zake.
Na yule mama wa kichanga, njiani,
akamfunika mwanawe kwa ukaya nilipopita.
Mie!
Niliyemshonea mwana yule kofia yake ya kwanza.

Nikarudi kwa daktari: shingo imetulia, macho yana nini?
Akavuta kiti.
"Mwili wako, Bi Zuwena, una walinzi,
kingamwili, ndilo jina lao.
Wengine hukamata vijidudu. Hawa wako
wamechonga ufunguo wa tezi,
wakawa wanafungua usiku na mchana bila ruhusa,
tezi ikamwaga ilichonacho chote.
Sasa, kitasa kile kile
kipo pia nyuma ya jicho, kwenye mafuta na misuli.
Wakikifungua huko, nyama hujaa maji, huvimba,
na jicho halina pa kwenda ila mbele.
Vidonge vimeifunga tezi.
Funguo bado wanazo."

Nikanyamaza.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu mie hakimo nguoni.
Ndio uzi wenyewe.

Damu yangu ikapanda meli kwenda Unguja
katika deli la barafu, pembeni ya pweza wa mtu.
Siku ya kumi na moja likarudi jibu: nambari.
Ya watu wazima wa afya haifiki mbili.
Yangu ishirini na sita.
"Ikiwa juu hivi," akasema, "aghalabu macho nayo husumbuka.
Si kwa kila mtu. Lakini aghalabu.
Na moshi huyazidishia.
Nani anavuta sigara nyumbani?"

Nikamgeukia Shaame.
Shaame wawili wakainamisha vichwa,
wawili wakaufunika mfuko wa shati.

Sasa naenda kwa sindano, si zangu, za hospitali,
dripu ya saa mbili, kila wiki,
uso umevimba kama andazi.
Nambari imeshuka hadi tisa.
Sijui kama ni ya kushangilia;
Daktari Nasriya naye hakushangilia, aliandika tu.
Shaame huvutia kule kwenye kisima, anadhani sinusi.

Nashona jicho moja nimeliziba kwa kipande cha bafta.
Nikikiondoa, sindano zinakuja zote mbili,
ila zimekaribiana,
kama ndugu waliogombana na sasa wanasalimiana kwa mbali.

Bwana harusi wa Jadida alishaoa zamani,
alivaa kofia ya kuazima.
Hii naimalizia tu.
Safu ya tatu, ukiisogeza mwangani,
pana doa.
Halikutoka.