Nyuma ya Mabati

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
banda la Shekiondo, mabenchi tisa, runinga moja,
spika mbili zilizong'olewa kwenye gari la matangazo.
Mimi nilikuwa mtu wa deki.
Mia mbili mlangoni,
anayechungulia anamwagiwa maji.

Picha zote nilizijua kwa macho.
Helikopta inaanguka dakika ya ngapi,
stelingi anavua shati wapi,
adui anatamba nini kabla hajadondoka ghorofani.
Muziki? Muziki niliuona kama maji
anayoongeza muuza maziwa.

Bi Mwantumu hakuwahi kuingia.
Chumba chake na banda viligawana ukuta wa bati,
na usiku alichambua mchele upande wake
akisikiliza sinema asiyoiona.

Asubuhi moja akanisimamisha bombani:
"Yule aliyekufa jana darajani,
alikuwa rafiki wa stelingi, siyo?"
Nani kakwambia?
"Chelo. Ilianza kumlilia
risasi ingali ndani ya bunduki."

Miaka kumi na tisa alikumbatia chelo
kwenye taarabu, harusi za Makorora mpaka Pangani.
Klabu ikafa. Chelo ikavunjika shingo,
kuku akatagia humo misimu miwili,
kisha mchwa wakamalizia.

"Gitaa la umeme likikwaruza, pikipiki zinakuja.
Fidla zikitetemeka juu kabisa, kama mbu sikioni,
mlango usifunguliwe.
Na vyote vikinyamaza ghafla, we ziba masikio."

Nilicheka. Usiku ule nikafumba macho
katikati ya mapigano,
na chini ya risasi,
chini ya mtafsiri wetu anayetukana kwa niaba ya wote,
palikuwa na watu.
Watu wazima, wamekaa vitini, wamevaa viatu,
wanavuta pumzi pamoja kabla ya kila pigo,
na nyuma yao gitaa moja chafu
likizozana na matarumbeta kama mawifi jikoni.

"Fidla ishirini na ushei," aliniambia kesho yake.
"Sisi tulikuwa na tatu, na mpigaji wa tatu mlevi."
Kisha, akitazama ndoo:
"Majina yao yanaandikwa?"

Yanaandikwa. Mwisho kabisa,
herufi nyembamba, sisimizi weupe
wakipanda ukuta wa giza,
waja leo, waondoka leo,
na kila usiku mimi ndiye niliyewazima,
maana Shekiondo anataka kundi lingine liingie
na hakuna aliyelipia majina.

Ijumaa sikubonyeza.
Yakaanza kupanda.
Miluzi. "Toa hiyo! Weka ya ngumi!"
Ndala ikanipitia sikioni.
Nikasema rimoti imekufa betri,
nikachukua maiki ya mtafsiri,
nikayasoma nikielekea ukutani,
majina yenye konsonanti nyingi kuliko meno yangu,
nikiyavunja kama muwa:
fidla za kwanza, fidla za pili, ngoma, gitaa,
chelo.
Ya chelo niliyasoma polepole.
Upande wa pili, mchele ukaacha kulia kwenye ungo.

Shekiondo alinikata siku mbili.
Bi Mwantumu hakunishukuru.
Alingoja ndoo ijae, akajitwika,
akageuka na maji yakimchuruzika shingoni:
"Umesoma watano wa chelo.
Mbona niliwasikia sita?"

Mchana nikaingia bandani peke yangu,
nikarudisha nyuma, nikahesabu kwa kidole kwenye kioo.
Watano.
Nikarudisha tena, mpaka penye daraja,
nikafumba macho.

Sita.