Saa Tano, Jua Likichomoza

Miaka kumi na tisa nimo chumba cha barafu,
kiwandani Igogo, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
napanga minofu ya sangara iendayo kwa watu nisiowajua.
Leo kaka yangu Masalu ananiuliza:
baridi unaifuata ya nini?

Namwambia, hii ya kwetu ni ya mwajiri.
Ina mlango, ina taa ya njano, ina msimamizi
anayetazama saa ukienda haja ndogo.
Nataka kuiona baridi isiyo na mwenyewe,
imelala nje juu ya mawe, bure.

Kisiwa chenyewe kiko juu kabisa ya ramani, pembeni,
kama mtu aliyechelewa kikao akakaa karibu na mlango.
Aislandi. Mama analitamka kama anayepuliza uji.
Yeye kazaliwa Ukara, neno kisiwa halimtishi.
"Kivuko kipo?" anauliza. "Na mihogo je?"

Hesabu tumeipigia nyuma ya daftari la kikoba,
mimi nataja, Nyamizi wa meza ya mabondo anaandika:
nauli, viza, soksi za sufu, nauli tena
(ile ya kwanza tulisahau sifuri moja).
Nyamizi akaweka kalamu chini, akanyamaza,
kisha akasema, friza ninayo.
Tangu hapo watoto wa Mabatini wanapanga foleni,
barafu za ukwaju, barafu za ubuyu, mia mia.
Tunauza barafu
tupate nauli ya kwenda kwenye barafu.
Cheka. Hata sisi tunacheka.

Jumamosi tulishuka Mlango Mmoja, jua utosini.
Muuza mitumba akatupima kwa macho:
"Makoti haya wanunuzi wangu ni walinzi wa usiku."
Nikachagua la buluu, zito kama mtoto aliyesinzia,
nikapanda nalo kati ya majabali, ngazi kwa ngazi,
jasho likinitoka kwa ajili ya theluji.
Nyumbani nikapekua mifuko. Sarafu moja.
Upande mmoja ana samaki,
si sangara, si sato, ana kindevu kimoja
kama mzee aliyesahau kunyoa.
Nimewapima samaki kwa kilo maisha yangu yote
na bei wanaijua wengine.
Sikujua pana mahali samaki ndiye fedha.

Linaloninyima usingizi si baridi, ni saa.
Nasikia huko Januari jua huchomoza saa tano,
na saa kumi limekwisha kuzama.
Sasa mimi saa nimefundishwa na jua:
likishatoka, likapanda kidogo, hiyo ni saa moja, anza kuhesabu.
Huko nitaanzia wapi?
Saa moja giza, saa mbili giza,
saa tatu watu wanakunywa chai gizani na hakuna anayeshangaa.
Mama atapiga simu, atasema mwangaluka,
nami niitikie vipi
asubuhi ambayo haijafika?

Pesa bado. Tumefika nauli ya kwenda,
ya kurudi inagandia kwenye friza ya Nyamizi.

Jana, wenzetu wakila ugali, nikavaa koti
nikaingia chumba cha barafu, nikamwambia Nyamizi afunge,
azime taa.
Giza likanikaa usoni kama kitambaa kibichi.
Sikuona boksi, sikuona pumzi yangu,
vidole vikaikuta ile sarafu, ya baridi kunishinda mimi.
Nikasimama hivyo, mgeni, bila mzigo wa kupanga.

Nyamizi akagonga. "Umefika?"
Nikamuuliza saa ngapi.
"Saa saba," akasema nyuma ya mlango, "huku jua kali."

Niache kidogo, nikamwambia.
Hapa bado hakujakucha.