Nyuma Peupe

Tulitoka Kipatimu umande haujakauka,
Somoe Mbonde mbele, panga mkononi,
machungwa manne kayafunga pindoni mwa kanga;
mimi nyuma, kamera shingoni,
betri mbili, na viatu vipya vya dukani
ambavyo jiwe la kwanza tu liliviumbua.

Kazi yangu, kule Masoko, ni vichwa na mabega.
Inua kidevu. Usicheke. Masikio yaonekane.
Miaka kumi na moja napiga nyuso
zilizonyimwa ruhusa ya kufurahi.
Leo nimefunga duka.

Korongo halikujitangaza.
Msitu ulikuwa msitu, mivule na utando wa buibui,
kisha ardhi ikakatiza sentensi katikati
na huko chini, chini kabisa,
maji yakawa yanaimalizia.

Tukateremka kwa kushika mizizi.
Kuta za chokaa huku na huku,
zimetobokatoboka
kama mkate wa kumimina ulioumuka vizuri.

"Mto huu una tabia za mdaiwa,"
alisema Somoe. "Akikuona anaingia ndani,
anatokea mlango wa nyuma, bondeni, mbali."
Na kweli: hatua ishirini mbele
maji yaliinama, yakaingia mwambani,
yakatuachia mchanga na kimya.

Nilipiga. Picha thelathini za kima,
thelathini za tawi alilokwisha kuliacha.
Lenzi ikashika ukungu. Nikaifuta kwa shati.
Ikashika tena.
Popo niliwanusa kabla sijawaona.

"Ngoja jua," alisema, akimenya chungwa,
ganda moja refu lisilokatika.
"Huku jua ni mgeni wa saa sita.
Hakai kitako."

Likaja. Likashuka ukutani taratibu,
likagusa kangaga, likagusa maji,
maji yakalirusha tena juu
na mwamba mzima ukawa unapumua.
Nikasahau kwamba nina kidole.
Nilipokikumbuka, nilipata picha tatu;
mbili zimetikisika.

"Mwanga bado upo? Basi nipige na mimi.
Ushirika wa ufuta wanataka picha mbili,
nyuma peupe. Ukuta si huo?"

Akasimama, kaupa mgongo ukuta
uliokuwepo kabla ya neno ukuta.
"Inua kidevu," nikasema. "Usi..."
Tone likamdondokea toka juu,
baridi, nyuma ya sikio,
naye akacheka hadi korongo likamjibu.

Jumatano karani kaikataa.
Nyuma si peupe, kasema, kuna mzizi,
na huyu mama meno yote nje.

Alishuka Masoko, nikampiga nyingine,
ya kufuata sheria, kidevu juu, mdomo kufuli.
Sikumtoza. Aliniletea machungwa.

Ile ya kwanza sijaifuta.
Ukiikuza sana utaona, karibu na herini,
tone la pili limeachia mwamba.
Mpaka leo halijafika begani.